Kipimo kilichorukwa: aseniki katika visima vya bomba vya Bangladesh

Kisima kifupi cha Bangladesh kinachimbwa bila gari wala injini. Mafundi wachache husimamisha jukwaa la mianzi, huchimba kishimo pembeni na kukijaza maji yaliyokorogwa na kinyesi cha ng'ombe, kisha husimamisha bomba la chuma juu yake. Kinyesi kile kinagandisha kuta za tundu zisiporomoke. Fundi mmoja hupanda juu na kuuziba mdomo wa bomba kwa kiganja, wenzake wakilipandisha na kulishusha kwa mti uliowekwa kama wenzo. Bomba likipanda, kiganja kinaziba na tope linavutwa juu. Likishuka, kiganja kinaachia na tope linamwagika. Kiganja cha mtu ndiyo vali ya mtambo mzima. Kwa kuwa ardhi ya delta ni mchanga na matope matupu, bila mawe, siku moja inatosha kufika mita 30 au zaidi. Baada ya hapo hushushwa bomba la plastiki la inchi moja na nusu, kipande cha chini kikiwa na matundu membamba ya kupitisha maji na kuzuia mchanga, na juu hufungwa pampu ya mkono ya chuma cha kalibu inayojulikana kama Namba 6.

Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba familia ya wakulima huweza kuimudu kwa mavuno mazuri ya msimu mmoja. Hilo ni muhimu katika kisa hiki kuliko linavyoonekana. Tangu miaka ya 1970 UNICEF na Idara ya Uhandisi wa Afya ya Umma ya Bangladesh (DPHE) walihimiza visima hivi ili watu waache kunywa maji ya mabwawa, yaliyokuwa yakieneza kipindupindu na magonjwa ya kuhara. Wananchi waliipokea kazi na kuiendeleza wenyewe. Visima vingi vilivyopo leo, katika jumla inayokadiriwa kufika milioni 10, vilichimbwa kwa fedha za mifukoni mwa watu, nyuma ya nyumba zao, bila mradi wowote. Mwaka 1997 UNICEF ilitangaza kuwa lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi maji salama ifikapo 2000 lilikuwa limekwisha kuvukwa.

Neno "salama" hapo lilimaanisha maji yasiyo na vimelea. Kwa maana hiyo mradi ulifaulu, na ni haki kusema hivyo kabla ya kusema mengine.

Aseniki haikupimwa. Haina rangi, harufu wala ladha, na wakati ule haikuwa kwenye orodha ya kawaida ya vipimo vya maji ya chini ya ardhi. Lakini ishara zilikuwepo jirani. Mwaka 1983 daktari wa ngozi wa Kolkata, K. C. Saha, alitambua wagonjwa wa sumu ya aseniki kutoka vijiji vya West Bengal, ng'ambo tu ya mpaka, katika delta ileile. Upande wa Bangladesh, DPHE iliigundua katika maji ya visima vya Chapai Nawabganj mwaka 1993, miaka kumi baadaye. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1992, Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza (BGS) ilitoa ripoti ya uchunguzi wa visima 150 vya Bangladesh. Ilipima kemikali kadhaa, aseniki haikuwemo. Mkazi mmoja wa Bangladesh aliishtaki mahakamani Uingereza, na mwaka 2006 majaji wa juu kabisa waliamua kwamba taasisi hiyo haikuwa na wajibu wa kisheria kwake. Uamuzi wa sheria ni jambo moja. Kwa mhandisi yeyote wa maji, ripoti inayosomwa kama cheti cha usalama huku ikiwa imepima baadhi tu ya mambo ni hatari kuliko kutokuwa na ripoti kabisa, kwa sababu inafunga swali ambalo lilipaswa kubaki wazi.

Sumu inatoka wapi

Hakuna kiwanda kilichoimwaga. Mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna imekuwa ikishusha mashapo kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka. Chembe za mchanga huo zimevikwa ganda jembamba la kutu ya chuma, na aseniki imenata kwenye ganda hilo. Ikibaki hapo haina madhara. Shida ni kwamba pamoja na mchanga zimefukiwa pia takataka za mimea. Bakteria wanapozila humaliza oksijeni yote ya maji ya chini, na oksijeni ikiisha huanza kuitumia ile kutu. Kutu inayeyuka na aseniki inaachiwa majini. Ndiyo maana visima vyenye sumu mara nyingi huwa pia na chuma kingi, na ndoo hubaki na doa jekundu.

Kutokana na hayo, kina cha kisima ndicho kinachoamua. Tabaka changa la juu, hasa kati ya mita 15 na 40, ndilo lenye sumu zaidi. Chini ya mita 150, kwenye mchanga wa kale uliokwisha kusafishwa na maji ya zama zilizopita, aseniki ni adimu. Pampu Namba 6 na bomba la plastiki viliwashusha watu barabara kwenye kina kibaya kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kilichokuwa rahisi kufikiwa. Mchimbaji mzoefu anaweza kulitambua tabaka hata kwa macho: mchanga wa kijivu ni wa kutilia shaka, mchanga wa rangi ya chungwa au kahawia bado una kutu yake na kwa kawaida maji yake ni mazuri.

Wingi wa sumu hubadilika kwa umbali wa hatua chache. Kisima cha jirani kinaweza kuwa na mikrogramu 5 kwa lita na cha kwako 300. Kwa hiyo ramani ya wilaya haimsaidii mtu aliyeshika ndoo. Kinachomsaidia ni kipimo cha kisima chake mwenyewe.

Uchunguzi mkubwa wa BGS na DPHE uliochapishwa 2001 ulipima visima 3,534 katika wilaya 61 kati ya 64. Katika visima vifupi, asilimia 27 vilizidi kikomo cha Bangladesh cha mikrogramu 50 kwa lita, na asilimia 46 vilizidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni 10. Makadirio yalikuwa kwamba watu milioni 35 walikunywa maji yaliyozidi 50. Ili kuelewa udogo wa kiasi hiki: gramu moja ya aseniki ikiyeyushwa ndani ya matangi mawili ya lita 10,000 inatosha kuyafikisha maji yote kwenye hiyo 50. Madhara hujitokeza baada ya miaka mingi: madoa kifuani na mgongoni, viganja na nyayo kukakamaa na kuota vinundu, halafu saratani za ngozi, mapafu na kibofu, na magonjwa ya moyo. Utafiti wa muda mrefu huko Araihazar, mashariki ya Dhaka, uliochapishwa 2010, ulihusisha takriban kifo kimoja katika kila vitano na maji yaliyozidi mikrogramu 10.

Vipimo milioni tano

Kati ya 1999 na 2006 serikali na washirika wake walipima karibu visima milioni 5 katika maeneo yaliyoathirika zaidi. Takriban milioni 1.4, sawa na asilimia 29, vilizidi kikomo. Mdomo wa pampu ulipakwa rangi nyekundu kwa kisima kibaya, kijani kwa kizuri. Kwa ukubwa wake na kwa kasi yake, ni moja ya kazi za maji za kuheshimika kuwahi kufanywa mahali popote, na tunaitaja kwa undani kwa sababu makosa yake ni ya aina ambayo mradi wowote wa vipimo unaweza kuyarudia.

Kipimo cha papo hapo hufanya kazi hivi. Piga pampu kwanza, umwage maji yaliyolala ndani ya bomba. Jaza chupa hadi alama. Tia kitendanishi cha kuondoa gesi ya salfa, kwa kuwa nayo hubadilisha rangi ya karatasi na kukudanganya. Ongeza unga wa asidi na unga wa zinki, kisha funga haraka kwa kifuniko kilichoshika karatasi yenye bromidi ya zebaki. Aseniki hugeuka gesi, hupanda na kuipaka karatasi rangi, kutoka njano hadi kahawia. Baada ya muda uliopangwa unailinganisha rangi hiyo na chati.

Yanayoharibika ni haya. Mpimaji aliye na visima vingi vya kumaliza kabla ya jua kuzama hufupisha muda wa kusubiri, na rangi inabaki hafifu kuliko inavyopaswa. Chupa ikitikiswa sana, matone yanalowanisha karatasi. Karatasi zikihifadhiwa kwenye joto na unyevu, zinachakaa kabla ya kutumika. Chati ikisomwa juani, macho hayatofautishi njano mbili zinazokaribiana. Timu ya Chuo Kikuu cha Columbia iliyorudia kupima visima 799 kwa maabara ilikuta kifaa kilichokuwa kikitumika kimetoa jibu sahihi kwa asilimia 88. Sehemu kubwa ya waliopewa jibu la uongo ni wale wenye kati ya 50 na 100, na walipoongeza muda wa kusubiri kutoka dakika 20 hadi 40 kosa hilo lilipungua sana. Dakika 20 tu. Jedwali la kazi lililopangwa kwa idadi ya visima kwa siku ndilo lililozila dakika hizo.

Kosa la pili lilikuwa la muda mrefu zaidi: vipimo vilifanywa mara moja, vikasimama. Rangi ya pampu hufifia na kubanduka baada ya misimu michache ya mvua. Pampu huhamishwa kutoka kisima hiki hadi kile, na rangi yake huhama nayo, ikitoa taarifa ya mahali pengine. Watu waliendelea kuchimba visima vipya, na mafundi waliovichimba hawakuwa na kifaa cha kupimia wala mahali pa kukinunulia. Uchunguzi wa kitaifa wa kaya wa 2012 hadi 2013 ulikuta asilimia 12.4 ya sampuli za maji ya kunywa bado zimezidi 50, na asilimia 24.8 zimezidi 10.

Msomaji wa Arusha au Manyara atalitambua tatizo hili. Maji yenye floridi ya miteremko ya Meru nayo ni maangavu, nayo yanatoka kwenye miamba yenyewe bila mtu kuyachafua, na ushahidi wake huonekana kwenye meno ya kahawia ya watoto baada ya miaka. Tanzania ilitumia kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita tangu 1974, wakati pendekezo la kimataifa ni 1.5. Bangladesh inabaki kwenye 50 wakati pendekezo ni 10. Sababu ni ileile: kikomo kikali kingegeuza vyanzo vingi vilivyopo kuwa haramu kwa siku moja. Sababu hiyo inaeleweka, ila kikomo kilicholegezwa kinapaswa kuandikwa pamoja na tarehe ya mwisho wake, la sivyo cha muda kinageuka cha kudumu.

Suluhisho zilizofuata

Lililo jepesi kuliko yote ni kuhama kisima. Huko Araihazar watafiti walikuta kwamba karibu asilimia 90 ya wakazi waliishi ndani ya mita 100 kutoka kisima salama. Palipokuwa na rangi na maelezo mazuri, wengi walihama kweli. Waliobaki walibaki kwa sababu zinazoeleweka na yeyote aliyewahi kuishi kijijini. Kisima salama kiko ndani ya ua wa mtu mwingine. Mke aliyeolewa karibuni hatoki kupita mbele ya wanaume wa kaya nyingine. Mwenye kisima anachoka na foleni mlangoni kwake. Na familia yenye madoa ya ngozi huogopa binti zao kukosa wachumba, kwa kuwa majirani huyadhania kuwa ukoma, basi kukiri kwamba kisima chao ni chekundu ni kama kujitangaza. Ujumbe uliotaja idadi za mikrogramu haukugusa lolote kati ya hayo.

Vichujio vya nyumbani vilikuwa vya kila namna. Kimoja kilichofanya kazi vizuri ni SONO, ndoo mbili zilizopandana zenye mchanga, mkaa na vipande vya chuma vilivyotayarishwa kushika aseniki, kilichobuniwa na mkemia Abul Hussam na kutuzwa Tuzo ya Grainger mwaka 2007. Vile vya vyungu vitatu viliziba baada ya miezi kwa kutu ya chuma. Vya kukoroga shabu na pamanganeti ndani ya ndoo vilitegemea mtu kukoroga na kusubiri kila siku, milele. Hata kichujio bora kina kasoro ambayo haionekani: kinapochoka, maji hutoka maangavu kama jana. Bila mtu wa kuja kuyapima, mwenye nyumba hana njia ya kujua.

Sera ya kitaifa ya 2004 ilitanguliza maji ya juu ya ardhi. Visima vya kuchimbwa kwa mkono vilipata vimelea tena, na vichujio vya mchanga kando ya mabwawa vilihitaji kukwanguliwa mara kwa mara huku mabwawa yenyewe yakiwa yamekodishwa kwa wafuga samaki wanaomwaga mbolea na dawa. Mapipa ya mvua yalisaidia, hasa pwani kwenye chumvi, lakini miezi mikavu ni mirefu kuliko pipa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo ikaangukia kisima kirefu, na hapa ndipo tungemwomba mhandisi asome polepole.

Kisima cha mita 150 hadi 300 hakichimbwi kwa kiganja. Kinahitaji pampu ya kusukuma tope kwa injini, mabomba mengi na siku kadhaa, hivyo familia moja haikimudu. Fedha za umma zinaingia, na pamoja nazo swali la nani anapewa. Wakati tope linapanda, chukua sampuli ya mchanga kila mita 3, uipange juu ya gunia kwa mfuatano na kuandika rangi yake. Usikubali kusimamisha kazi kwa kuwa umefika futi zilizoandikwa kwenye mkataba. Unachotafuta ni tabaka la udongo wa mfinyanzi linalotenganisha maji ya juu na ya chini, kisha mchanga mzuri chini yake. Kipande chenye matundu kiwekwe chini ya mfinyanzi huo. Nafasi inayobaki kati ya bomba na ukuta wa tundu ijazwe udongo wa mfinyanzi au saruji, hasa pale penye tabaka lenyewe, maana nafasi ikiachwa wazi inakuwa ngazi ya kuyateremsha maji ya juu. Sehemu ya juu ya kisima iwekewe bomba pana: Namba 6 huvuta kwa kutegemea kanieneo ya hewa na haiwezi kuinua maji yaliyoshuka zaidi ya mita 7 hivi, kwa hiyo iko siku itabidi pampu ya aina ya Tara, yenye silinda inayozama ndani ya maji, ishushwe humo. Kabla ya kulipa, ng'oa pampu na ushushe kamba yenye uzito hadi chini. Mkandarasi anayelipwa kwa futi anaweza kuweka futi pungufu, na kisima kilichoandikwa mita 200 lakini kilichoishia 60 hakitofautiani kwa macho na kilicho kamili. Mwisho, piga pampu hadi maji yatulie, weka klorini, na upime aseniki, manganizi, chumvi na vimelea, aseniki kwa maabara.

Mgawo wa visima hivyo ndio uliovunjika. Shirika la Human Rights Watch lilionyesha katika taarifa yake ya 2016 kwamba utaratibu wa serikali uliwaruhusu wabunge kuchagua mahali pa kuweka nusu ya visima vipya. Vikaenda kwa wafuasi wao, vingine kwenye ua wa mtu mmoja wenye lango, vingine katika maeneo ambayo hayakuwa na aseniki ya kutisha, wakati vijiji vyekundu kabisa vikisubiri. Baadhi ya visima vya serikali vyenyewe vilikutwa vimezidi kikomo. Orodha ya visima vyekundu milioni 1.4 ilikuwepo, kijiji kwa kijiji. Ingetosha kuipanga kutoka penye asilimia kubwa zaidi kushuka chini na kuibandika ukutani kwenye ofisi ya kila upazila, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, ili kila mwananchi aone zamu yake.

Liko pia suala la kesho ya tabaka lenyewe. Maji ya chini ya mita 150 hubaki safi iwapo yatachotwa kwa ndoo za nyumbani tu. Umwagiliaji wa mpunga wa kiangazi ukishushwa huko, au jiji likivuta kwa nguvu, maji ya juu yenye sumu yanaanza kufuata chini. Mfano uko karibu: chini ya Dhaka kina cha maji hushuka mita 2 hadi 3 kila mwaka kwa pampu za jiji, na vijiji vya pembezoni vimo ndani ya mvuto huo. Kisima kirefu kilichokuwa kizuri 2005 kinahitaji kupimwa tena mwaka huu, na kila baada ya miaka michache, kwa bajeti iliyotengwa tangu siku ya kuchimba.

Gharama ya kipimo kimoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya kisima kifupi. Anayefaa kukibeba ni yule fundi wa jukwaa la mianzi, aliyepo kabla bomba la plastiki halijashushwa na ambaye tayari amekwisha kuona rangi ya mchanga. Akikuta kijivu na karatasi ikawa kahawia, bado anaweza kuendelea kushuka siku hiyohiyo, au kurudisha bomba na kuhamia kona nyingine ya ua.